Simba wa Barazani: Vidokezo 12 vya Kuwapiga Picha Wadudu Wawindaji Msimu wa Vuli

Usiku mvua imenyesha, umeme umekatika ukarudi, na asubuhi unafungua mlango unakuta baraza zima limetapakaa mbawa za kumbikumbi. Mkono unaufuata ufagio wenyewe. Subiri kidogo, msomaji wangu! Kabla hujafagia, inua macho ukutani. Mmoja wa waliokula karamu ya jana bado yupo karibu na taa, tumbo limemjaa kama aliyetoka harusini.

Watu husafiri siku nzima kwenda kumtazama simba aliyelala chini ya mgunga. Wewe una wawindaji hapo nyumbani, kiingilio hakuna, na vuli, Oktoba hadi Desemba, ndiyo sikukuu yao kwa sababu mvua inawaletea chakula mlangoni. Kamera? Hiyo hiyo simu yako yenye ufa kwenye kona. Twende kazi.

1. Mdudu hafuatwi, anangojewa

Kosa la kila anayeanza ni kumkimbiza mdudu bustanini kama anayemkimbiza kuku wa wageni. Utachoka wewe, yeye ataruka. Jiulize swali moja tu: huyu anakula nini, na chakula chake kiko wapi? Kunde zako zimeshambuliwa na vidukari? Hongera! Najua kwa mboga si habari njema, lakini geuza majani utazame upande wa chini. Utawakuta wale mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi wakila, pamoja na mabuu yao meusi yenye vijimiba, ambayo watu wengi huyaponda wakidhani ndiyo adui. Vuta kigoda, keti hapo. Dakika kumi za kukaa zinaishinda saa nzima ya kukimbia. Ukikishika kidokezo hiki kimoja ukaacha vingine vyote, sitakulaumu.

2. Taa ya barazani ndiyo Serengeti yako

Mvua ikikatika jioni, kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu na kukimbilia mwanga. Nyuma yao huja kila anayependa nyama: mjusi kafiri, chura, na huyo tunayemtaka sisi, vunjajungu. Zima taa nyingine zote za nje, acha moja. Tundika shuka jeupe ukutani chini yake, maana shuka litakupa mandhari safi na litatawanya mwanga. Kaa tayari kuanzia saa moja usiku. Watoto wa jirani wakija na bakuli la kukusanyia kumbikumbi wa kukaanga, gawaneni eneo: wao sakafuni, wewe ukutani.

Juzi nilimtazama vunjajungu mmoja wa kahawia, mrefu kama kidole changu cha kati. Alisimama pembeni ya duara la mwanga, si katikati, akijitikisa kidogo kidogo kama kijiti kinachopeperushwa na upepo. Kumbikumbi akatua karibu. Mikono ikatoka, ikarudi. Mimi niliona tu kwamba tayari ameshika kitu. Mbawa nne zikadondoka moja baada ya nyingine, kama maganda ya karanga mbele ya mzee asomaye gazeti. Alikula watano. Kisha akaanza kupitisha mkono wa mbele mdomoni, mwiba kwa mwiba, kama anayelamba mchuzi vidoleni. Picha za mawindo zote zilitoka na ukungu. Ya kulamba mkono ilitoka safi kabisa, kwa sababu hapo alikuwa ametulia. Kwa hiyo mlo ukiisha, usiweke simu mfukoni.

3. Litafute lile doa jeusi jichoni

Tukiwa bado kwa vunjajungu: wazee walituambia ukimgusa utavunja chungu, ndiyo maana akaitwa hivyo. Mimi nimewagusa wengi, na vyombo vyote vilivyovunjika kwangu vilivunjwa na binti yangu wa darasa la tatu.

Mchana, kila jicho lake huonyesha kidoa cheusi kinachokufuata popote uendapo. Si mboni ile. Jicho lake limeundwa na vijicho vingi vidogo, na vile vinavyokuelekea moja kwa moja huumeza mwanga badala ya kuurudisha, ndiyo maana unaviona vyeusi. Basi sogeza simu kushoto na kulia mpaka madoa ya macho yote mawili yaonekane kwa pamoja. Hapo bonyeza! Picha itakuwa na mtu ndani yake. Usiku macho hayo hayo hugeuka meusi ti, kama amevaa miwani ya jua gizani, nayo ina raha yake.

Na usihofu kuongea. Vunjajungu wengi wana sikio moja tu, katikati ya kifua, na kazi yake ni kunasa sauti nyembamba za popo ambazo wewe na mimi hatuzisikii. Msimulie hata habari za kodi ya nyumba. Kinachomshtua ni kivuli chako na kutikiswa kwa tawi.

4. Wahi kabla jua halijachangamka

Mdudu hana jiko mwilini. Joto lake ni la kuazima kwa jua. Kati ya alfajiri na saa moja na nusu, hasa baada ya usiku wa mvua, mwili wake ni mzito na hana haraka ya kuruka. Kereng'ende ambaye saa sita hakukuruhusu hata hatua tano, asubuhi atakuacha umkaribie mpaka uone matone ya umande mbawani. Umetoka kuswali, au unasubiri chai ichemke? Dakika saba zinatosha.

5. Kereng'ende ana kiti chake

Huyu ndiye mwindaji hodari kuliko wote kwenye orodha hii. Simba hukosa mara nyingi kuliko anavyopata. Kereng'ende, katika majaribio ya watafiti, amekamata hadi asilimia 95 ya alichokifuata. Siri ni kwamba hamfuati windo kwa nyuma. Anakadiria litakapokuwa, anakwenda kulisubiri. (Unakumbuka kidokezo cha kwanza? Yeye alikijua kabla yetu.)

Sasa udhaifu wake. Kereng'ende wengi wa kukaa vijitini, kama yule dume mwekundu wa kwenye madimbwi na mashamba ya mpunga, huruka, hukamata, kisha hurudi kijiti kile kile. Kwa hiyo usimpige akiwa hewani. Akiruka, sogea hatua moja, elekeza simu kwenye ncha ya kijiti kitupu, gusa kioo na ushikilie kidole mpaka fokasi ijifunge, halafu tulia. Atarudi. Hana kijiti kizuri? Chomeka chako! Mwanzi uliosimikwa ukingoni mwa dimbwi, mahali penye jua na nyuma kuwe na kivuli, mara nyingi hupata mpangaji asubuhi hiyo hiyo. Na ukimkuta saa sita mchana ameinua mkia juu kama mlingoti, usidhani anajionyesha kwako. Anaelekeza mkia kwenye jua ili mwili upate jua kidogo iwezekanavyo. Ni pozi zuri ajabu, usiliache.

Kuna kereng'ende mwingine wa rangi ya dhahabu anayekuja kwa makundi na hakai, anazunguka tu juu ya uwanja wa mpira kutwa. Huyo mpe heshima ya msafiri. Jina lake la kitaalamu ni Pantala flavescens. Mwaka 2009 Charles Anderson, mwanabiolojia aliyeishi Maldivi, aliandika kuhusu kundi hili baada ya kujiuliza swali rahisi: visiwa vile karibu havina maji baridi ya juu ya ardhi, sasa mamilioni ya kereng'ende kila Oktoba wanatoka wapi? Hoja yake ni kwamba wanatoka India, wanapanda juu zaidi ya mita 1,000 ambako upepo unaelekea kwetu, wanaonekana Shelisheli Novemba, na kuingia Afrika Mashariki mvua zikiwa zimejaza madimbwi ya kutagia. Mzunguko mzima wa kwenda na kurudi, unaopokezanwa na vizazi kadhaa, unakadiriwa kuwa kilomita 14,000 hadi 18,000. Majahazi yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi. Kumbe kulikuwa na abiria wengine juu ya tanga.

Kumpiga picha huyu mzururaji ni kazi, sikudanganyi. Mngoje jua likielekea kuzama: huning'inia kwenye matawi membamba kulala, kichwa juu, mwili chini.

Na ukibahatika kufika Amani, Usambara Mashariki, tembea polepole kando ya vijito vya msituni. Yupo mmoja mwembamba aitwaye Amanipodagrion gilliesi, hajulikani kwingine kokote duniani, na yuko hatarini sana kutoweka. Huyo piga picha ukiwa umesimama njiani. Usikanyage kijito chake.

6. Goti chini!

Picha ya mdudu iliyopigwa kutoka juu inafanana na picha ya mdudu aliyekufa. Shuka mpaka uwe usawa wa macho yake. Beba kanga kuukuu ya kupigia magoti, na ukimaliza itakuwa pazia la kuzuia upepo. Majirani watauliza umepoteza nini. Waambie hereni.

7. Taa ya simu ivalishe shati

Mwanga mkali wa simu humfanya mdudu mweusi ang'ae kama sufuria mpya: kila kitu ni mmweko, hakuna umbo. Funika taa kwa tabaka mbili za karatasi ya chooni, au kipande cha mfuko mweupe wa sukari. Bora zaidi, azima simu ya pili, mwambie mtoto aishike pembeni, juu kidogo ya mdudu, kama jua la saa tatu. Upande wa pili weka sahani nyeupe ili mwanga urudi. Hiyo ndiyo studio yako, gharama yake sifuri.

Mawili mengine ya haraka. Futa lenzi, nusu ya malalamiko ya "kamera yangu mbaya" ni mafuta ya chapati. Na usivute picha kwa vidole viwili, sogea wewe. Zipo lenzi ndogo za klipu za kukuzia, zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya simu, lakini kaa na fokasi kwa mwezi mmoja kwanza kabla hujatoa hela.

8. Chungulia uvunguni mwa ukuta

Pale mvua isipofika, chini ya upenu wa nyumba au ghala, kuna vishimo vya mchanga laini vilivyochongoka chini kama faneli. Utotoni ulivichokoa kwa kijiti, usikatae. Mwenyewe ni kitukutuku, buu lenye taya mbili kama koleo, linalojizika shingoni na kusubiri sisimizi ateleze. Sisimizi akijaribu kupanda, buu humrushia mchanga kwa kichwa ukuta ubomoke. Kila mtalii anawajua wanyama watano wakubwa, lakini waongoza watalii wana orodha ya watano wadogo pia, na huyu yumo.

Hapa picha ya kawaida haitoshi. Weka simu kwenye video ya mwendo wa polepole, itegemeze kwa tofali ukingoni mwa shimo, na ungoje. Kama hujui lipi lina mwenyewe, tazama lenye kingo kali na mchanga mkavu uliochambuliwa. Shimo lililolegea limehamwa. Njia yake mchangani huwa mistari ya kuzunguka-zunguka, naye hutembea kinyumenyume. Na hii nimeiacha kwa makusudi mwisho, ya kuwachekesha wageni mezani: buu hili halina njia ya haja kubwa. Uchafu wote hubaki ndani mpaka litakapogeuka mdudu mwenye mbawa. Mambo ya uvumilivu.

9. Siafu wapige ukiwa mbali, na soksi zimefunika suruali

Siongei kwa nadharia. Mwaka jana nilipata msafara mzuri ukivuka njia ya shambani, askari wenye vichwa vikubwa wamesimama pembeni taya juu, vibarua wakipita katikati na mayai. Nikapiga goti kwenye kanga yangu. Sikutazama kwamba kuna tawi la pili la msafara nyuma yangu. Nilichofanya dakika mbili baadaye, mbele ya mashemeji, hakistahili kuandikwa katika gazeti la heshima.

Kwa hiyo: zunguka kwanza, tazama chini pande zote nne, simama mita mbili, piga video. Hawana macho hata kidogo, wanafuata harufu na mtikisiko, hivyo usipige miguu chini. Wakiingia ndani ya nyumba, toka na watoto uwaachie. Watamaliza mende na kuondoka bila kudai ujira. Na yule dude mnene wa kahawia mwenye mbawa, tumbo kama soseji, anayejigonga kwenye taa usiku? Ni dume la siafu. Hang'ati kama dada zake. Mpige picha kwa karibu kadiri utakavyo.

Ukitaka mafunzo mepesi zaidi anza na maji moto, wale sisimizi wa rangi ya machungwa wanaoshona majani ya mwembe na mkorosho. Watazame wakijenga: wengine wanavuta majani mawili yakutane, wengine wameshika mabuu yao mdomoni, wanayapeleka huku na huku kama bomba la gundi, maana hariri ya kushonea hutoka kwa watoto. Wakulima wa minazi Zanzibar na wa korosho Mtwara wana sababu ya kuwapenda, kwa kuwa hufukuza kunguni wanaofyonza matunda machanga. Safari ya picha zako ingeweza kuanzia kwenye jani moja tu la mwembe.

10. Takataka inayotembea? Usiipulize

Ukiona rundo dogo la sisimizi wakavu linajongea lenyewe ukutani, hujaota. Ni mdudu wa jamaa ya kunguni, Acanthaspis petax. Mtoto wake huwadunga sisimizi, huwafyonza, kisha hubeba maganda yao mgongoni. Watafiti waliofanya kazi Mbita, pwani ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, walionyesha faida yake: buibui wanaoruka waliwashambulia wasiobeba mzigo karibu mara kumi zaidi ya waliojifunika. (Buibui mwenyewe ana miguu minane, si mdudu kwa hesabu za wataalamu. Mpige picha tu, hatutamwambia mtu.)

Ujanja wa picha: mwanga utoke pembeni, la sivyo utapata picha ya uchafu. Na usimshike kwa mkono. Mdomo wake ni sindano.

11. Nyigu ni fundi, mwache afanye kazi

Kile kitonge cha udongo nyuma ya pazia la dirisha unachotaka kukibandua kimejaa buibui. Nyigu mwashi huwachoma wapooze bila kufa, huwapanga chumbani, hutaga yai, hufunga mlango. Anakwenda na kurudi kwa njia ile ile, kwa hiyo weka simu kwenye picha za mfululizo, elekeza mdomo wa kitonge, na umpishe njia. Huyu mpweke hana kundi la kulinda na hana ugomvi na wewe. Wale wanaoishi pamoja chini ya paa wana ugomvi. Hao waone kwa mbali.

12. Piga sitini, bakiza mbili

Usiku kabla ya kulala, futa bila huruma. Jicho halikutoka wazi? Futa. Zilizobaki pakia kwenye mtandao wa iNaturalist pamoja na mahali na tarehe, watu wanaojua watakusaidia jina, na mwakani utajua kereng'ende wa dhahabu walifika mtaani kwako tarehe ngapi.

Kisha itume moja kwenye kundi la familia. Mimi nilituma kitukutuku. Kaka zangu walijibu kwa vikaragosi vya kucheka. Shangazi wa Muheza, ambaye kwa kawaida hutuma salamu za Ijumaa tu, alikaa kimya mpaka saa tatu usiku, ndipo akaleta sauti ya dakika mbili: kwamba nimempiga vibaya, kivuli kimefunika taya, na kwamba nyuma ya jiko lake wapo kumi na wanane, amewahesabu sasa hivi kwa tochi, nije Jumamosi na simu iwe na chaji.